Nitrati 80 na haishuki: jibu kwa msomaji wa Njiro

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina akwariamu ya matumbawe hapa Njiro, Arusha. Kioo ni sentimita 120 kwa 45 kwa 50, mawe hai (yenye bakteria wa kusafisha maji) kilo 30, mchanga wa sentimita 5, kichujio cha nje cha mtungi na skima ya kuning'iniza (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu). Samaki ni saba: klaunfishi wawili, kromisi wanne na kangaja wa bluu. Nalisha kamba wa sokoni na chakula cha vipande kidogo kila siku. Nabadilisha maji lita 20 kila wiki. Maji ni ya bomba, nayapitisha kwenye chujio la mishumaa. Nitrati imekaa 80 miezi mitano sasa. Fosfati ni 0, nimeweka chembe za chuma za kuiondoa. Matumbawe laini hayana shida, magumu yamegeuka kahawia. Niongeze kichujio gani?"

Marahaba. Usinunue kichujio chochote kwa sasa. Shika kalamu kwanza. Nitrati ni mwisho wa chakula na kinyesi vikioza ndani ya maji, na ikisoma 80 (miligramu kwa lita) kila wiki kwa miezi mitano ni kama daftari la madeni kwa Mangi: kila Jumamosi unalipa kidogo, wiki nzima unakopa kiasi kile kile, jumla inabaki palepale. Kazi ni kujua unakopa kiasi gani, na kwenye nini.

Anza na ujazo wa kweli. Kioo chako kikiwa na maji ya kina cha sentimita 45 ni lita 243. Toa nafasi ya mawe, toa mchanga, zinabaki kama lita 200. Hesabu zote hapa chini ni za lita 200, na dozi pia. Anayeweka dozi kwa lita zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dukani anazidisha moja ya tano au zaidi bila kujua.

Kisha hakikisha 80 ni 80. Kwenye kadi nyingi za rangi, 40 na 80 ni wekundu mmoja tu, macho hayawezi kuutenganisha. Chukua mililita 1 ya maji ya tangi kwa bomba la sindano, ongeza mililita 9 za maji yasiyo na madini kabisa, changanya, pima mchanganyiko huo, halafu zidisha jibu kwa 10. Kama kweli una 80, kipimo kitasoma 8, na hapo rangi za kadi zimeachana vizuri. Chupa ya dawa yenye unga uliotuama itikise kwa nguvu kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, ukitazama saa ya simu. Unga ukibaki chini, nitrati inasoma chini kuliko ilivyo. Pima na nitriti (hatua ya kabla ya nitrati), maana nitriti kidogo tu hupandisha usomaji wa nitrati. Na tazama karatasi inapima nini: kama imeandikwa NO3-N, yaani nitrojeni peke yake, zidisha kwa 4.43 kupata nitrati. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu maji yale yale, kumbe mmoja anapima nitrojeni na mwingine nitrati.

Tuseme 80 imethibitika. Kila wiki unatoa lita 20 katika 200, sehemu ya kumi. Sehemu ya kumi ya 80 ni 8. Siku saba baadaye umerudi 80. Basi tangi lako linaongeza miligramu 8 kwa lita kila wiki, baada ya mawe, skima na mwani kuchukua chao. Hiyo 8 ndiyo namba ya kupigana nayo, wala si 80. Ukiiacha ilivyo na kubadilisha maji asilimia 20, nitrati itatulia kwenye 40. Ukibadilisha asilimia 30, itatulia kwenye 27 hivi, na chumvi itakufilisi. Lakini ongezeko likishuka hadi 4 kwa wiki, asilimia 20 inakupeleka kwenye 20. Likishuka hadi 2, unafika 10, na hapo ndipo tunapotaka: kwa mchanganyiko wa matumbawe laini na magumu, kati ya 5 na 10 panatosha. Sifuri hatuitaki, na sababu yake itakuja.

Sasa tutafute hiyo 8 inatoka wapi.

Wa kwanza ni kamba. Nyama ya kamba mbichi ni protini kama asilimia 20, na protini ni nitrojeni kama asilimia 16. Gramu 5 za kamba, yaani mkia mmoja mdogo tu, zina gramu 1 ya protini, ndani yake gramu 0.16 ya nitrojeni, ambayo ikimalizika kuoza ni miligramu 700 na ushee za nitrati. Gawa kwa lita 200: miligramu 3.5 kwa lita, kwa siku moja. Kwa wiki ni 25. Nusu gramu ya chakula kikavu chenye protini asilimia 45 inaongeza 0.8 kwa siku. Si yote inayobaki kwenye maji, kwa sababu samaki wanajenga miili, skima inavuta povu na bakteria ndani ya mawe wanageuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni. Lakini ukiona 25 inaingia kwa mlango wa kamba peke yake na 8 inabaki, unajua pa kuanzia.

Tafuta mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Menya kamba, toa kichwa, ganda na ule utumbo mweusi wa mgongoni, katakata vipande vya milimita 3 au 4, weka kwenye chujio la chai na upitishie maji safi mpaka yatoke meupe. Ule urojo unaoyeyuka kutoka kwenye kamba waliogandishwa usiumwage kwenye tangi: ni protini iliyokwisha kuyeyuka, samaki hawawezi kuila, bakteria ndio wanaofaidi. Kama unanunua waliofungwa kwenye pakiti, soma viambato. Kamba waliolowekwa kwenye dawa za polifosfati ili wabaki na maji wanakuletea fosfati za bure. Pima gramu 2 kwa siku, gawa mara mbili, na zima pampu za mkondo dakika tano wakati wa kula. Kipande kilichogusa mchanga bila kuliwa kinatolewa kwa koleo. Kromisi na klaunfishi hawatakonda kwa hilo. Kangaja ni suala lingine: huyo anahitaji na mwani, mpe kipande cha karatasi ya mwani mkavu ukubwa wa kiganja cha mtoto, kibanwe kwenye kioo, kitolewe baada ya saa mbili. Tena, kwa kweli, kioo cha sentimita 120 hakimtoshi. Akikomaa anafika sentimita 25 hadi 30. Mtafutie mwenye tangi kubwa kabla hajafika huko.

Wa pili ni maji yenyewe, na hapa Arusha ina mambo yake. Chujio la mishumaa linazuia tope na vijidudu. Nitrati inapita humo kama haikuona kitu, na floraidi vilevile. Pima maji ya bomba lako kwa kipimo kile kile cha nitrati. Tuseme yanasoma 20, kwa mfano tu. Tangi la ukubwa wako linapoteza kama lita 3 kwa siku kwa mvuke, na unapojazia lita 3 za maji hayo umeingiza miligramu 60, ambazo kwa lita 200 ni 0.3 kwa siku, zaidi ya 2 kwa wiki. Zile lita 20 za Jumamosi nazo zinabeba miligramu 400, yaani 2 nyingine. Jumla ni 4, nusu ya deni lote, na hujalisha samaki hata mmoja. Mvuke unaondoka na maji matupu. Kila kilichoyeyuka kinabaki nyuma na kujikusanya.

Kuna wanaodhani wakitumia kichujio cha mkaa wa mifupa, kile kinachopunguza floraidi kwenye maji ya kunywa, wamemaliza tatizo. Kwa kunywa ni kizuri. Kwa akwariamu hapana: mkaa wa mifupa kwa sehemu kubwa ni fosfati ya kalsiamu, nitrati hauigusi, na wenyewe unaweza kuachia fosfati. Maji ya chupa nayo yana madini yake. "Maji ya betri" yasikuvutie kabisa, kwa sababu kwenye rafu moja utakuta maji yaliyotoneshwa na asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana kama pacha.

Unachohitaji ni mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa presha kupitia utando mwembamba, yenye hatua ya mwisho ya rezini ya kuondoa ioni. Utando wa RO peke yake unapunguza nitrati sana lakini hauimalizi. Rezini ndiyo inayofikisha mita ya TDS (inayopima jumla ya vitu vilivyoyeyuka) kwenye 0. Siku mita inapoanza kusoma 1 au 2, badilisha rezini bila kusubiri, kwani rezini iliyochoka inaanza kupitisha vitu ilivyokuwa ikivishika. Kosa la kawaida huku kwetu ni presha. Utando unataka bar 3 hadi 4. Simtanki kwenye mnara wa mita 3 unatoa bar 0.3. Mashine itatiririsha, utafurahi, lakini karibu yote yanaenda kwenye bomba la kumwaga na yale machache yanayopita ni machafu. Nunua na pampu ya kuongeza presha ya RO, ndogo ile ya volti 24, pamoja na geji ya kuthibitisha. Maji yanayomwagwa ni mara tatu au nne ya yale safi. Yafulie au yasuuzie uwanja, ila usiyageuze ya kunywa kwa watu wala mifugo, maana floraidi imekolea humo. Kama mashine iko nje ya bajeti, wapo wauza maji ya RO wa mitaani. Nenda na mita yako ya TDS mfukoni na upime pale pale dukani. Wengine wanarudishia madini ili maji yawe na ladha, na hapo hayakufai.

Tunafika kwenye ile fosfati 0, na hili ndilo fundo lako. Umeona matumbawe magumu yamekuwa kahawia ukafikiri shida ni fosfati, ukaweka chembe za oksidi ya chuma. Zimefanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Bakteria na mwani wanaokula nitrati hawawezi kujenga miili yao bila fosforasi. Uwiano unaojulikana baharini ni atomu 16 za nitrojeni kwa 1 ya fosforasi, ambao kwa uzito ni kama miligramu 10 za nitrati kwa 1 ya fosfati. Ukiwanyima fosfati wanakaa tu mbele ya sahani iliyojaa. Ndiyo maana mawe yako na mwani wako vimegoma. Mtu akikushauri uongeze vifaa vya kula nitrati huku fosfati ni sifuri, anakuuzia jiko wakati huna kuni.

Toa zile chembe leo. Kamba na chakula vitaleta fosfati vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Unalenga 0.03 hadi 0.08, na kwa namba hizo kadi ya rangi haikusaidii. Inataka kipimo cha kielektroniki cha fosfati ndogo, kile cha kutumbukiza kichupa na kusoma namba. Ni kifaa pekee kwenye jibu hili ambacho ningekishikia bango kabla ya mashine ya RO. Fosfati ikivuka 0.15, rudisha chembe kidogo, robo ya kipimo cha pakiti, siku mbili, upime tena.

Kichujio cha mtungi. Hujasema unakisafisha lini, na ukimya huo kwa kawaida unamaanisha "sikumbuki". Mtungi haumbi nitrati kutoka hewani, lakini sponji zake zinakamata mabaki ya chakula na kinyesi na kuyashikilia kwenye maji yenye oksijeni yanayopita kasi, yaoze taratibu mpaka mwisho wa njia, ambao ni nitrati. Ndani ya jiwe hai mambo ni tofauti: juu kuna oksijeni, milimita chache ndani haipo, na bakteria wa kule ndani wanavua oksijeni kutoka kwenye nitrati yenyewe. Kwa hiyo mtungi uwe wa kushika takataka na kuzitoa: sponji zisuuzwe kila wiki, kwenye ndoo ya maji ya tangi uliyoyatoa. Vile vipete vya kauri toa theluthi moja kila wiki mbili mpaka viishe. Mawe kilo 30 kwa lita 200 yanatosha kubeba kazi ya bakteria. Usivitoe vyote kwa siku moja, amonia itakushtua. Mchanga fyonza theluthi moja kila unapobadilisha maji, na sehemu ya nyuma ya mawe pulizia kwa pampu ndogo ya mkono saa moja kabla, ili takataka ziinuke na skima izipate.

Baada ya kufunga milango hiyo, punguza deni la zamani kwa kubadilisha maji asilimia 20, lita 40, kila baada ya siku tano, mara sita. Kama ongezeko limeshuka hadi 4 kwa wiki, 80 inakwenda 67, 57, 48, 42, 36, 32. Mwezi mmoja, na takriban kilo 9 za chumvi ya akwariamu kwa gramu 35 hadi 38 kwa kila lita kutegemea aina. Changanya kwenye pipa safi kwa pampu saa 24, na hita ndani. Mwezi wa Julai maji yaliyolala sebuleni Njiro ni baridi kiasi cha kuwashtua kromisi. Joto la 25 na chumvi ya 35 kwa elfu (uzito linganishi wa 1.026) pande zote mbili, pipa na tangi. Rifraktomita, kifaa cha kupima chumvi, irekebishwe kwa maji ya kipimo ya 35. Ukiirekebisha kwa maji matupu inaweza kukudanganya mwisho ule mwingine wa mstari. Wanaopata maji ya bahari kutoka Tanga kwa madumu wana bahati, nitrati yake karibu hakuna. Yachotwe maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mdomo wa mto, wala si siku za mvua kubwa za masika.

Usijaribu kumaliza yote kwa wikendi moja kwa kubadilisha asilimia 80. Matumbawe yako ni kahawia kwa sababu vimwani vinavyoishi ndani ya nyama yao vimenenepa kwa nitrati. Ukivinyima ghafla yanapauka, na tumbawe lililopauka ni gumu kulirudisha kuliko la kahawia.

Nitrati ikifika 30 na fosfati iko 0.03 au zaidi, hapo ndipo siki inaingia. Siki ni kaboni, na bakteria wakipata kaboni wanazaliana, wanabeba nitrati na fosfati kwenye miili yao, skima inawavuta na kuwatoa. Bila skima inayofanya kazi, usiguse njia hii. Osha shingo ya skima kila siku ya tatu. Mafuta kidogo tu ya kidole pale yanaua povu.

Siki iwe nyeupe, asilimia 5, isiyo na rangi, sukari wala viungo. Soma kibandiko, siki za bei rahisi hutofautiana sana nguvu. Vodka tupu ya asilimia 40 inafanya kazi ile ile ikiwa na nguvu kama mara nane, kwa hiyo mililita 1 ya vodka ni sawa na 8 za siki. Kwa anayeanza, siki inasamehe makosa ya sindano. Pombe zenye ladha hazifai, na gongo hata tusiizungumzie.

Kwa lita 200: siku tatu za kwanza mililita 2 kwa siku, siku nne zinazofuata mililita 4, wiki ya pili mililita 8. Baada ya hapo ongeza 4 kila wiki, ukipima nitrati na fosfati kabla ya kila ongezeko. Weka asubuhi baada ya taa kuwaka, karibu na mkondo mkali, kwa sababu siki inashusha pH kwa muda na usiku pH tayari iko chini. Dozi ikipita mililita 10 igawe mara mbili, asubuhi na mchana. Usivuke 40. Mara nyingi wiki tatu za kwanza hakuna kinachoonekana, na hapo ndipo watu wanapokosa subira na kuongeza maradufu. Wiki ya nne bakteria wanalipuka na maji yanakuwa kama ya kuoshea mchele. Siku nitrati inapoanza kushuka, simama kwenye dozi hiyo. Ikifika 10, punguza polepole hadi nusu, hiyo ndiyo dozi ya kudumu. Usiikate kwa mkupuo.

Utaona nyuzi nyeupe za ute kwenye mdomo wa pampu. Ni bakteria hao, futa tu. Utando mwekundu kama velvet juu ya mchanga ni onyo: shusha mililita 4, tazama kama fosfati imegusa sifuri, fyonza utando wakati wa kubadilisha maji.

Hatari kubwa ya siki kwa mtu wa Arusha ni oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 25 kwenye usawa wa Tanga yanaweza kushika kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Arusha, mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi na maji yale yale yanashika kama 5.7, Moshi, kama 6.1. Maelekezo unayosoma yameandikwa na watu wa pwani, na akiba yako ni ndogo kuliko yao kabla hujaanza. Bakteria wanaokula siki wanavuta oksijeni hiyo hiyo. Kwa hiyo skima iwake saa 24, uso wa maji utikisike, na umeme ukikatika siku hiyo siki hakuna, hata ukirudi jioni. Weka pampu ya hewa ya betri ambayo inajiwasha umeme unapokatika. Mtungi uliozimika zaidi ya saa mbili usiurudishe hivi hivi: mwaga maji yaliyomo kwanza, maana yamekosa oksijeni na yananuka. Samaki wakipanda juu kuhema, acha siki, elekeza pampu juu, badilisha lita 20.

Mwani wa nywele, Chaetomorpha, ni njia ya upole na inakwenda pamoja na siki ndogo. Kisanduku cha lita 20 pembeni, taa saa 14 usiku wakati tangi limelala, na kila mwezi unavuna nusu na kuitupa. Usipovuna hakuna ulichotoa. Caulerpa inakua haraka zaidi, lakini siku ikiamua kuzaa inajimwaga yote kwenye maji ndani ya usiku mmoja. Mitungi ya salfa inashusha nitrati kweli, ila inakula alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke), na umeme ukikatika saa kadhaa maji ya ndani yanakuwa mayai viza. Kwa umeme wetu, sikushauri.

Jambo ambalo halisemwi sana: nitrati ikishuka kwa kuliwa na bakteria, alkaliniti inapanda. Miligramu 50 zikitoweka kwa njia hiyo zinarudisha kama dKH 2.3 (dKH ni kipimo cha alkaliniti). Mtu anayeendelea kuweka bikabonati kwa mazoea anajikuta kwenye 11 wakati chakula kwenye maji kimepungua, na ncha za matumbawe magumu zinaungua nyeupe. Pima alkaliniti mara mbili kwa wiki katika kipindi chote hiki na uishikilie kati ya 7.5 na 8.5.

Ratiba basi: chembe za chuma zitoke leo, mizani na maji ya TDS 0 wiki hii, mtungi Jumamosi, kisha mabadiliko sita ya maji, kisha siki. Baada ya mabadiliko ya sita, pima kwa njia ya kuchanganya na mililita 9. Kama bado inasoma zaidi ya 50, usiongeze siki kufukia: pima upya maji ya pipa kabla ya kuweka chumvi na baada ya kuweka, halafu geuza mawe ya nyuma utafute konokono au samaki aliyekufa. Hesabu hiyo ikikataa, tatizo liko kwenye moja kati ya haya matatu: maji, chumvi au mzoga.